Beki wa Mfuko wa Nyuma: Habari za Bernie Smith

Hii ni hotuba niliyoitoa Jumapili iliyopita kwenye mkutano wa wazazi na vijana wetu wazungumzao Kiswahili hapa Geelong, jimbo la Victoria, Australia. Wengi mlikuwa zamu ya usiku, wengine mlikuwa na wagonjwa nyumbani, mkaniomba niiandike. Nimeiandika kama nilivyoisema.

Wazee wangu, mama zangu, kaka na dada zangu, na nyinyi vijana mliojibanza kule nyuma karibu na mlango. Shikamooni kwa wanaostahili, na wengine wote habari za jioni.

Nimeombwa niseme neno kuhusu vijana wetu na michezo. Nimekaa na ombi hilo wiki tatu, na kila nikishika kalamu najikuta naandika mambo mnayoyajua: michezo ni afya, michezo inawaepusha watoto na makundi mabaya. Hayo mmeshayasikia. Leo nataka kuwasimulia habari za beki mmoja wa mpira wa Kiaustralia, huu wanaoucheza watoto wetu hapa. Jina lake Bernie Smith. Alizaliwa mwaka 1927, akaja kucheza hapa Geelong mwaka 1948 akitokea Adelaide, akacheza hadi 1958, mechi 183. Alifariki mwaka 1985. Sidhani kama kuna hata mmoja humu ndani aliyewahi kumwona uwanjani. Lakini nyumbani kwangu mwaka huu jina lake limetajwa kuliko jina la mchezaji yeyote aliye hai, na nitawaeleza ilikuwaje.

Mwezi wa tano, Jumamosi moja ya baridi kali, mwanangu alitoka uwanjani akaingia kwenye gari bila kusema kitu. Ana miaka 13. Viatu vimejaa tope, kinga ya meno bado iko mkononi, anaiminya kama mtu anayekamua limau. Nikawasha hita. Nikamwuliza kama ana njaa. Kimya. Tukapita taa za kwanza, tukapita za pili, ndipo aliposema: "Baba, wameniweka mfuko wa nyuma. Wanaowekwa huko ni wale wasiojua."

Mmelisikia hilo neno? Wasiojua.

Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu moyoni niliamini hivyohivyo. Mimi nimekulia Tanga, nimecheza soka la mchangani. Kwetu anayejua alikaa mbele, asiyejua alirudishwa nyuma. Na nyinyi mliotoka Dar es Salaam mnafahamu dada wa kazi anaitwaje mitaani. Anaitwa beki tatu. Yule anayeamka kabla ya wote na kulala baada ya wote, anayeshika nyumba nzima isianguke, tumempa jina la beki. Basi nilinyamaza, tukafika nyumbani, mtoto akaenda kuoga.

Jumatatu kazini nikamsimulia mwenzangu mmoja, mzee mwenyeji wa hapahapa. Akaweka kikombe chini. Akaniuliza, "Mfuko wa nyuma? Kama Bernie Smith?" Alivyolitamka jina hilo ungedhani anamtaja mjomba wake. Tangu siku hiyo nimemfuatilia mtu huyu usiku kwa usiku, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza, kwa mliofika juzijuzi, niueleze mchezo wenyewe kwa kifupi. Huu si soka wala raga. Uwanja una umbo la yai na mpira pia ni wa yai. Kila timu ina watu 18 uwanjani. Kila upande una nguzo nne, mbili ndefu katikati na mbili fupi pembeni. Ukipiga mpira kwa mguu ukapita kati ya zile ndefu, umepata goli, pointi 6. Ukipita kati ya ndefu na fupi, pointi 1. Kipa hakuna. Mpira unadakwa kwa mikono, ila hauruhusiwi kurushwa. Ukitaka kumpa mwenzako kwa mkono, unaupiga ngumi. Ukiudaka mpira uliopigwa kwa mguu kutoka mbali kabla haujagusa chini, unapewa nafasi ya kusimama na kuupiga bila kubughudhiwa. Na kuotea hakuna. Yaani fowadi anaweza kukaa karibu na goli lako mchana kutwa, na wewe lazima ukae naye.

Sasa mfuko wa nyuma ni nini? Ni ile kona iliyo pembeni mwa goli unalolilinda, pale mstari wa uwanja unapopinda kuelekea kwenye nguzo. Mpira unakuja juu, majitu mawili yanaruka pamoja mbele ya goli, beki mkuu na fowadi mkuu, mikono juu, magoti mabegani mwa watu. Mara nyingi hakuna anayeudaka. Unaanguka chini, na ukishaanguka, huo mpira wa yai haujulikani utadundia wapi. Hapo ndipo kazi ya mtu wa mfuko inapoanza. Na ubavuni mwake yupo nani? Zama zile, wale wepesi na wajanja wanaochezea mpira katikati ya uwanja walikuwa wakichoka wanaenda kupumzika kwenye kona ya mbele, mkabala na beki wa mfuko. Kwa hiyo wewe unamlinda mtu ambaye mapumziko yake ni kukuvizia.

Mabeki wengi wa siku zile walikuwa na jibu moja. Piga ngumi mpira utoke nje, au ukubali pointi 1 kuliko kufungwa 6. Haraka, salama, yaishe. Wala siwalaumu, ni akili ya kujiokoa.

Bernie Smith alikataa jibu hilo.

Yeye aliuchukua mpira. Aliuchukua palepale golini kwake, mahali ambapo ukikosea umekwisha, akatoka nao mbio, akainua kichwa, akampigia mwenzake aliyekaa vizuri. Mahali ambapo wenzake waliona mwisho wa shambulio la adui, yeye aliona mwanzo wa shambulio lao. Vijana wangu, nalirudia hilo kwa sababu ndilo lililonitoa usingizini: aliona mwanzo. Beki wa kona alikuwa mtu wa kwanza wa mashambulizi ya Geelong.

Lakini hakuyafanya hayo peke yake. Kulikuwa na kocha aliyemruhusu. Reg Hickey mwenyewe alikuwa beki, mechi 245 akiwa na jezi hii ya bluu na nyeupe, na mwaka 1937 aliiongoza Geelong kuchukua ubingwa akiwa kocha na mchezaji kwa wakati mmoja. Alirudi kuifundisha timu mwaka 1949, akataka timu inayokimbia, inayocheza mpira wa wazi. Jiulizeni kocha mwenye woga angefanya nini akimwona beki wake anatoka na mpira mbele ya goli. Angemkemea. Angemwambia piga nje. Hickey alijua kona ile ilivyo, kwa sababu aliishi huko nyuma miaka mingi.

Na hii Geelong waliyoijenga ilitoka wapi? Wazee mliokimbia vita, sikilizeni hapa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, miaka ya 1942 na 1943, timu hii haikushiriki ligi kabisa. Usafiri ulibanwa kwa ajili ya vita, na klabu ya nje ya Melbourne ingesafirije kila wiki? Uwanja wake wa zamani, Corio Oval, ulikuwa umeshachukuliwa kwa shughuli za jeshi, ikahamia Kardinia Park mwaka 1941, palepale mnapopaona leo na taa zake. Iliporudi ligini mwaka 1944 ilimaliza mkiani. Mkiani kabisa.

Miaka minne baadaye akaja huyu kijana kutoka Adelaide, mwendo wa karibu kilomita 700. Alikuwa ameshachukua ubingwa wa Australia Kusini mwaka 1947 akiwa na West Adelaide. Kwao alikuwa na jina, na bado akaja kwenye mji ambao timu yake ilikuwa haijapona vizuri.

Msidhani alifuata utajiri. Ligi ya Victoria iliweka sheria mwaka 1930 kwamba mchezaji asilipwe zaidi ya pauni 3 kwa mechi. Kiwango kilipandishwa kidogo kidogo, lakini sheria yenyewe ilikuwa bado ipo Smith alipostaafu. Wachezaji wale walikuwa na kazi zao za wiki nzima kama sisi, mazoezi jioni, mechi Jumamosi. Na wachezaji wa akiba walikuwa wawili tu. Ukitolewa, umetolewa, hurudi tena. Ukiumia kidogo, unavumilia, maana mwenzako anaweza kuumia zaidi.

Sasa niwapeleke mwaka 1951.

Hapa kuna medali inaitwa Brownlow, ndiyo heshima kubwa kuliko zote anazoweza kupata mchezaji mmoja mmoja. Imepewa jina la Charles Brownlow, mtu wa Geelong, aliyekuwa mchezaji wa timu hii na baadaye katibu wake. Aliyeichukua mara ya kwanza, mwaka 1924, alikuwa pia mtu wa Geelong, Carji Greeves. Inatolewaje? Kila baada ya mechi refa anaandika majina matatu ya wachezaji waliocheza vizuri na kwa uungwana: kura 3, kura 2, kura 1. Siku hizo refa wa uwanjani alikuwa mmoja tu. Mtu mmoja, wachezaji 36, uwanja mpana kuliko wa soka, dakika zaidi ya mia. Anakimbia kufuata mpira. Macho yake yako wapi muda mwingi? Yako kwa wanaoushika mpira katikati, na kwa wanaofunga.

Nani anakumbuka kona?

Mwaka 1951 marefa walikumbuka kona. Wiki baada ya wiki, kwenye viwanja tofauti, walikaa chini na kalamu baada ya mechi wakaandika jina la beki wa mfuko. Bernie Smith akawa beki wa kwanza wa mfuko wa nyuma kuchukua Brownlow tangu ilipoanzishwa.

Na angalieni lile sharti la uungwana. Mchezaji aliyefungiwa kwa rafu msimu huo haichukui medali, hata angekuwa na kura nyingi kiasi gani. Mtu wa kona amekaa na fowadi bega kwa bega mchana kutwa. Anavutwa jezi, anakanyagwa vidole, anasukumwa wakati refa ameangalia kwingine. Hakuna sehemu ya uwanja yenye vishawishi kama ile. Ushinde hapo kwa mikono safi, na huyo mtu wa filimbi akuone? Mimi kila nikilifikiria hilo nashika kichwa.

Halafu ikaja fainali ya mwaka uleule, mwezi wa tisa, watu zaidi ya 80,000 wamejaa uwanja mkuu wa Melbourne. Wapinzani ni Essendon, mabingwa wa 1949 na 1950, wanautaka wa tatu mfululizo.

Nisiwafiche jambo. Essendon hawakuwa na John Coleman siku ile. Coleman alikuwa fowadi wa kutisha. Mechi yake ya kwanza kabisa kwenye ligi alifunga magoli 12, na alipomaliza alikuwa na magoli 537 kwa mechi 98 tu. Kwenye mechi ya mwisho kabla ya hatua ya fainali alipigwa na beki wa Carlton, akarudisha, wote wawili wakafungiwa mechi nne. Alitoka kwenye kikao cha nidhamu akilia. Ningependa kuwaambia kwamba Geelong walimzuia Coleman fainali, lakini hawakumzuia, hakuwepo. Wakashinda kwa pointi 81 dhidi ya 70, ubingwa wao wa kwanza tangu 1937.

Kwa hiyo kulikuwa na watu wa kunong'ona. Wapo kila mahali, na Geelong ya 1951 nina hakika haikuwakosa. Basi tazameni mwaka 1952. Fainali na Collingwood, klabu yenye vikombe vingi na mashabiki wasio na huruma. Geelong 86, Collingwood 40. Na hizo 40 zilitoka wapi? Magoli matano tu, na pointi moja moja kumi. Robo nne nzima za fainali, yaani vipindi vyote vinne vya mechi, Collingwood walipata magoli matano. Nyinyi mnaoujua mchezo huu mnajua timu hufunga hata kumi na tano Jumamosi ya kawaida. Ukiwauliza watu nani aliyeshinda fainali ile, watakutajia Bob Davis, fowadi wa Geelong, na mbio zake. Sawa, Davis alikuwa radi. Lakini magoli matano yana wenyewe, nao walikaa upande wa pili wa uwanja.

Katikati ya misimu miwili, 1952 na 1953, Geelong walishinda mechi 23 mfululizo. Ishirini na tatu. Rekodi hiyo haijavunjwa mpaka leo tunapokaa hapa. Vijana, mechi 23 mfululizo haziletwi na fowadi peke yake. Fowadi ana siku zake mbaya. Upepo ukivuma, anakosa. Mvua ikinyesha, mpira unateleza. Timu inayoshinda siku ya mvua na siku ya jua ni timu ambayo nyuma hakuvuji.

Collingwood hao hao ndio waliokuja kuukata ule mfululizo, na mwaka uleule wa 1953 wakawafunga Geelong kwenye fainali, 77 kwa 65. Smith hakuchukua ubingwa tena baada ya hapo. Alicheza misimu mingine mitano, timu ikishuka polepole. Hiyo sehemu vitabu vinaipita haraka. Mimi naiheshimu kuliko hata medali. Mtu ameshafika kileleni, ana kila sababu ya kusema imetosha, na anaendelea kurudi kwenye kona yake Jumamosi hadi Jumamosi, hadi 1958.

Alifariki mwaka 1985, hajafika miaka 60. Mwaka huohuo Brownlow ilikwenda kwa beki mwingine wa mfuko, Brad Hardie wa Footscray. Na mwaka 1996, mchezo huu ulipoadhimisha miaka mia ya ligi, walichaguliwa wachezaji 22 wa karne nzima. Karne nzima, maelfu ya wachezaji. Ukisoma ile orodha kuanzia nyuma, pale kwenye kona ya kwanza kabisa, jina la kwanza unalokutana nalo ni Bernie Smith. Coleman naye yumo, mbele kule. Kwenye karatasi hiyo hatimaye wako timu moja.

Sasa mtaniuliza, haya ya wazungu wa miaka ya 1950 yanatuhusu nini? Nitawajibu kwa jina moja: Aliir Aliir. Mnaotoka Kenya mnajua ilipo Kakuma, kambi ya wakimbizi. Baadhi yenu mmepita kule, mmepanga foleni ya maji kule, mnalijua vumbi lile. Aliir alizaliwa kwenye kambi ya Kakuma mwaka 1994, wazazi wake watu wa Sudan Kusini. Alikuja Australia akiwa mtoto, akakulia Queensland, akacheza Sydney, kisha Port Adelaide. Na mwaka 2021 akachaguliwa kwenye kikosi bora cha Australia nzima. Nafasi gani? Beki. Na anachojulikana nacho ni nini? Kuusoma mpira wa adui ukiwa bado hewani, kuacha mtu wake, kuruka na kuudaka, na kuanzisha shambulio. Miaka 70 imepita, mwili tofauti, kabila tofauti, na kazi ni ileile ya kuona mwanzo mahali ambapo wengine wanaona hatari.

Nilimwonyesha mwanangu picha za video za Aliir. Za Smith ni chache na zina mvua ya weusi na weupe, lakini za Aliir zipo tele. Tulikaa jikoni, mama yake anakaanga mandazi, tukawa tunasimamisha picha kila beki anapoachana na mtu wake. Nikamwuliza, "Hapo amejuaje?" Akasema, "Ameangalia mguu wa anayepiga, baba, siyo mpira." Mtoto wa miaka 13. Mimi nimeangalia mpira maisha yangu yote na sikuwa nalijua hilo.

Wazazi wenzangu, nina ombi moja kwenu. Mnapokwenda kuwaangalia watoto, mnasimama wapi? Nimewaona, na mimi nilikuwa miongoni mwenu. Tunasimama upande wa goli tunalolishambulia, tunapiga kelele mtoto wa mwenzetu akifunga, halafu tunawauliza wa kwetu wakirudi, "Umefunga mangapi?" Mtoto wa kona atajibu nini?

Katika mchezo huu timu hubadilishana magoli kila robo. Kwa hiyo ukitaka kumwona beki wa mfuko sawasawa, huwezi kukaa kwenye kiti chako. Robo ya kwanza yuko upande wa vyoo, ya pili yuko upande wa miti, ya tatu anarudi, ya nne anaenda tena. Tangu mwezi wa sita natembea. Nina chupa yangu ya chai na koti la mvua, kengele ikilia nazunguka uwanja mzima hadi kwenye kona yake. Wenyeji wameshanizoea, kuna bibi mmoja ananipungia mkono kila nikipita.

Jumamosi tunacheza saa tatu asubuhi. Kwenye gari langu kuna nafasi tatu.